Mbaraka Mwinshehe: Jogoo la shamba lililowika hadi Osaka

WAHENGA walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Katika historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania, msemo huo ulikutana na mtu aliyeukanusha kwa gitaa. Jina lake ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, na miongoni mwa nyimbo zilizompatia sifa akiwa na bendi ya Morogoro Jazz umo mmoja uliobeba maneno hayo hayo, Jogoo la Shamba.

Mbaraka alifariki dunia Januari 1979 katika ajali ya gari mjini Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Tangu hapo vizazi viwili vimekua bila kumwona jukwaani, lakini sauti yake ingali ikisikika katika vipindi vya zilipendwa, katika mabasi yaendayo mikoani na katika kumbi ambako bendi za leo hupiga nyimbo zake usiku ukishakuwa mkubwa.

Swali ambalo wapenzi wengi wa dansi wamekuwa wakijiuliza ni moja. Ilikuwaje mji wa mkoani, tena usio na studio wala kiwanda cha santuri, ukatoa watunzi waliotikisa Afrika Mashariki nzima, wakati Dar es Salaam ndiko kulikokuwa na redio, serikali na fedha?

Jibu la swali hilo halipatikani Morogoro mjini peke yake. Ili kulielewa, ni lazima kutazama pia nchi inayouzunguka mji huo, hususan upande wa Kilosa na Mikumi.

Reli, mkonge na mshahara

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda bara hufika Morogoro na kukuta njia mbili. Reli ya Kati hupita Kimamba na Kilosa kabla ya kupanda kuelekea Dodoma, Tabora na Kigoma. Barabara kuu nayo hushika upande wa kusini-magharibi, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, kisha hufika mji mdogo wa Mikumi, ambao kiutawala umo ndani ya Wilaya ya Kilosa.

Mikumi ni njia panda. Kaskazini yake iko Kilosa, magharibi ni Iringa na Zambia, na kusini ni Kidatu, Kilombero na Ifakara. Katika miaka ya 1960 tawi la reli kutoka Kilosa lilipitia Mikumi hadi Kidatu, kwenye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Kilombero, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka hiyo. Katika miaka ya 1970 bonde hilo lilipata pia kituo cha umeme wa maji cha Kidatu.

Kabla ya sukari, utajiri wa Kilosa ulikuwa mkonge. Mashamba ya Kimamba, Rudewa na Msowero yalihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana kwa wenyeji, yaani Wakaguru, Wasagara na Wavidunda. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kukusanya vibarua, SILABU, kilichowaleta watu kutoka mikoa ya mbali na hata nje ya mipaka ya Tanganyika.

Mashamba hayo yalikuwa na ugumu wake. Kwa miaka mingi kibarua alifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na hakulipwa hadi siku hizo zitimie. Hata hivyo, mashamba yalikusanya mahali pamoja mambo ambayo muziki wa dansi huyahitaji: vijana walio mbali na nyumbani, fedha taslimu mkononi, na lugha moja inayoeleweka na wote.

Hapo ndipo Kiswahili kilipofanya kazi yake. Mngoni, Mnyamwezi na Mkaguru waliokutana kambini walikuwa na ngoma zao za asili, na walizicheza. Lakini ngoma ya kabila humwita mwenye kabila lake. Dansi, iliyoimbwa kwa Kiswahili na kupigwa kwa magitaa, ilikuwa ya kila mwenye kiingilio. Kilosa kwenyewe ilipata bendi yake, Kilosa Jazz, katika kipindi ambacho karibu kila mji uliopitiwa na reli ulitaka kuwa na "jazz" yake.

Neno hilo lisimpotoshe msomaji. "Jazz" katika majina kama Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz au Kilwa Jazz halikumaanisha muziki wa Wamarekani weusi. Lilimaanisha bendi ya kisasa yenye magitaa, tumba na ikiwezekana saksafoni, tofauti na ngoma na tofauti na taarab.

Salum Abdallah atangulia

Haiwezekani kumweleza Mbaraka bila kumtaja aliyemtangulia, Salum Abdallah, aliyefahamika kwa kifupi cha SAY. Alizaliwa Morogoro mwaka 1928, na ndiye aliyeiongoza Cuban Marimba, bendi iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Jina la bendi hiyo linaeleza chimbuko lake. Tangu miaka ya 1930 kampuni ya HMV ilisambaza barani Afrika santuri za muziki wa Cuba zilizojulikana kwa alama ya GV. Santuri hizo zilisafiri kwa meli hadi pwani, kisha kwa reli hadi bara. Katika son, rumba na bolero za Cuba, vijana wa Kiafrika walitambua midundo iliyovuka bahari pamoja na babu zao waliouzwa utumwani, sasa ikirudi ikiwa imevaa tarumbeta na gitaa.

Salum Abdallah hakuishia kuiga. Alitunga kwa Kiswahili, akachanganya mwendo wa Cuba na utamu wa uimbaji wa kwao, akaimba mapenzi, mizaha na harakati za uhuru. Cuban Marimba ilivuka mpaka na kurekodi Mombasa chini ya lebo ya Mzuri, na santuri zake zikauzwa pande zote za Afrika Mashariki.

Mwaka 1965 Salum Abdallah alifariki katika ajali ya barabarani, akiwa na umri wa miaka 37. Mwaka huo huo kijana aitwaye Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa Juni 27, 1944, alijiunga na Morogoro Jazz.

Cuban Marimba haikufa na mwasisi wake. Iliendelea chini ya Juma Kilaza, mwimbaji na mtunzi aliyeyabeba mashabiki wengi wa marehemu. Hivyo mji mmoja wa mkoani ukawa na bendi mbili kubwa zilizogombea wacheza dansi wale wale. Ushindani huo ulikuwa shule. Bendi moja ikitoa wimbo mpya, nyingine haikuwa na hiari ya kulala.

Mtunzi, mwimbaji na mpiga solo

Bendi ya dansi kwa kawaida hugawa kazi. Yuko anayetunga, yuko anayeimba, yuko anayepiga gitaa la solo, yuko wa gitaa la kati, wa besi na wa tumba. Kilichomtofautisha Mbaraka ni kwamba kazi tatu za kwanza zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Alitunga, aliimba, na alipiga solo kwa kiwango kilichomfanya aitwe "Soloist National".

Jambo hilo liliathiri muundo wa nyimbo zake. Katika tungo nyingi za dansi, gitaa hungoja mwimbaji amalize ndipo lipate nafasi. Katika tungo za Mbaraka gitaa ni kama mtu wa pili katika mazungumzo. Sauti ikishatamka shauri, solo hulijibu, hulirudia kwa maneno yasiyo na herufi, au hulipinga. Ni mtu mmoja anayeuliza na kujijibu, na msikilizaji husikia kama wako wawili.

Wimbo wa dansi wa enzi hizo huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mwendo wa taratibu, ambamo kisa huelezwa kwa beti na kiitikio. Ya pili huchangamka: magitaa hushikana, tumba huongeza kasi, na maneno hupungua ili miguu ipate nafasi. Santuri za wakati huo za mizunguko 45 kwa dakika zilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu uligawanywa, kisa upande mmoja na mchezo upande wa pili.

Mtunzi alilazimika kukata kisa chake mahali panapofaa, ili anayegeuza santuri awe na hamu ya kusikia upande wa pili. Mbaraka aliimudu kazi hiyo vizuri. Beti zake husimulia kwa utulivu wa mtu aliyekaa barazani, kisha gitaa humchukua msikilizaji kabla hajapata nafasi ya kuchoka.

Dhamira zake zilitoka katika maisha ya watu aliowapigia. Masimango ni kilio cha mtu anayesimangwa kwa fadhila aliyotendewa. Pesa Namba Moja hutazama jinsi fedha inavyotawala mahusiano ya watu. Shida, wimbo uliouzwa sana nchini Kenya, huzungumzia dhiki kama jambo linaloweza kumfika yeyote na kumhamisha kutoka kwao.

Hayo ni mambo ambayo kibarua wa Kimamba au mfanyakazi wa kiwanda cha sukari hakuhitaji kufafanuliwa. Kuishi mbali na kwao, kudaiwa, kusengenywa na majirani wa nyumba za kupanga, kupendwa siku ya mshahara na kusahaulika wiki ya pili: hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yao. Mbaraka aliyaweka katika Kiswahili chepesi, bila matusi na bila kujifanya mwalimu.

Hakuacha pia matukio ya taifa. Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa kwa risasi Desemba 25, 1971 huko Isimani katika kipindi cha siasa ya vijiji vya ujamaa, Mbaraka na Morogoro Jazz waliimba maombolezo yake. Katika nchi ambayo magazeti yalifika vijijini kwa kuchelewa, wimbo wa namna hiyo ulikuwa habari na tanzia kwa pamoja.

Kutoka Morogoro hadi Japani

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Expo 70. Safari hiyo ilizaa wimbo wenye jina la maonyesho hayo. Bendi ya mkoani ilikuwa imepata heshima ambayo bendi nyingi za Dar es Salaam ziliitamani.

Heshima hiyo hupata uzito zaidi ikikumbukwa hali ya ushindani nchini. Tangu mwaka 1964, jumuiya ya wafanyakazi NUTA ilikuwa na bendi yake, Nuta Jazz, mama wa Msondo. Polisi na majeshi nayo yalikuwa na bendi. Mwanamuziki wa bendi ya taasisi alikuwa mwajiriwa: vyombo vilinunuliwa na mwajiri, na mshahara ulikuja mwisho wa mwezi hata kama ukumbi haukujaa.

Bendi za Morogoro hazikuwa na mgongo wa namna hiyo. Ziliishi kwa kiingilio, kwa santuri na kwa ziara. Zilipotoka nje ya mji kutafuta riziki, njia zilikuwa zile zile mbili: ya reli kuelekea Kilosa na ya barabara kuelekea Mikumi na Iringa. Bendi isiyopendwa na watu ilikufa njaa. Pengine hiyo ndiyo siri ya ubora wake, na ndiyo pia iliyoufanya mwisho wake kuwa mchungu.

Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz na kuunda bendi yake mwenyewe, Orchestra Super Volcano, iliyotamba kwa mtindo wa Masika. Kuwa na "mtindo" lilikuwa jambo la lazima kwa kila bendi. Nuta ilikuwa na Msondo, na baadaye Mlimani Park ikaja na Sikinde. Mtindo ulikuwa jina la mwendo wa kucheza, lakini pia bendera ya mashabiki.

Kuanzisha bendi binafsi wakati ule hakukuwa kazi nyepesi. Magitaa na vikuza sauti vilitoka ng'ambo, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Studio ya maana nchini ilikuwa ya Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyorekodi bendi kwa ajili ya kutangaza hewani. Aliyetaka santuri ya kuuzwa dukani alilazimika kutazama Nairobi, kwenye kampuni za kurekodi na viwanda vya kufyatua santuri.

Ndivyo Kenya ilivyokuwa soko la pili la Mbaraka, na kwa mauzo pengine la kwanza. Hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya kufungwa, muziki wake haukusimama mpakani. Miaka miwili baadaye umauti ulimkuta upande wa pili wa mpaka huo, Mombasa, mji ule ule ambako Salum Abdallah alikuwa akirekodi.

Watunzi wawili wakubwa wa mji mmoja walikufa kwa namna moja, barabarani, wote kabla ya kufikisha miaka 40. Kwa bendi zilizoishi kwa ziara, barabara ilikuwa mahali pa kazi kama ulivyokuwa ukumbi.

Nani anakula jasho la marehemu?

Super Volcano haikudumu baada ya kifo cha kiongozi wake. Mtu aliyekuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo akiondoka, huacha nafasi tatu wazi kwa siku moja. Cuban Marimba iliweza kumpata Juma Kilaza; Super Volcano haikupata wa kuziba pengo.

Santuri ziliendelea kuuzwa. Nchini Kenya lebo ya Polydor ilikusanya nyimbo zake katika mfululizo ulioitwa Ukumbusho. Mwaka 2000 kampuni ya Kijerumani ya Dizim ilitoa mikusanyiko katika CD, mmoja wa Mbaraka na mwingine wa Salum Abdallah. Baadaye ukaja mtandao wa intaneti, ambako nyimbo za Morogoro husikilizwa na watu wa Nairobi, Muscat na London bila kulipa kiingilio.

Hapa ndipo historia inapogeuka kuwa suala la sheria na la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Katika miaka hiyo 50, haki ya kunufaika na tungo huwa ya warithi, au ya yule aliyeuziwa kwa mkataba.

Hesabu yake si ngumu. Kwa kipimo hicho, miaka 50 ya Salum Abdallah ilitimia mwaka 2015. Ya Mbaraka itatimia mwaka 2029. Baada ya hapo tungo zake zitakuwa mali ya umma, na yeyote ataweza kuzitumia katika tangazo la biashara, filamu au rekodi mpya bila kuomba ruhusa ya familia.

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Tungo, yaani maneno na sauti ya wimbo, ni mali ya mtunzi. Rekodi, yaani ule mkanda au santuri yenyewe, huwa na mmiliki wake, ambaye mara nyingi ni kampuni au redio iliyogharimia. Bendi inayopiga Shida ukumbini hutumia tungo. Kituo cha redio kinachoirusha santuri hewani hutumia vyote viwili. Warithi wengi wa wanamuziki wa zamani hukwama hapa, kwa kuwa mikataba ya miaka ya 1960 na 1970 ama haikuandikwa kwa ukamilifu, ama ilibaki katika makabati ya kampuni zilizokwisha kufungwa au kuuzwa.

Suala la pili ni la hifadhi. Sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa Tanzania ilirekodiwa katika mikanda ya Redio Tanzania, ambayo sasa iko chini ya Shirika la Utangazaji, TBC. Mkanda wa sumaku huzeeka. Joto na unyevu wa Dar es Salaam huula taratibu, na mashine za kuuchezesha hupungua kila mwaka. Wimbo uliotolewa kwa santuri unaweza kupatikana kwa mkusanyaji wa Nairobi au Ulaya. Uliorekodiwa kwa ajili ya redio peke yake hauna nakala nyingine. Mkanda ukioza, na wimbo umekwenda.

Bendi ndogo ndizo zilizo hatarini zaidi. Jina la Mbaraka litabaki kwa kuwa santuri zake zilienea. Lakini bendi kama Kilosa Jazz, ambazo hazikupata wauzaji wakubwa, zinategemea zaidi mikanda hiyo na kumbukumbu za wazee walioingia kumbini wakiwa vijana.

Kinachoweza kufanywa sasa

Wilaya ya Kilosa imebadilika. Mkonge ulianza kupoteza thamani katikati ya miaka ya 1960, bei yake ilipoanguka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani, na mashamba mengi hayakurejea katika hali yake. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa inapita Kilosa ikielekea Dodoma, na Mikumi hupokea watalii wanaokuja kutazama tembo na simba. Wengi wao hupita Morogoro bila kuonyeshwa kwamba wamekatiza moja ya makao makuu ya muziki wa Afrika Mashariki.

Jambo hilo linaweza kurekebishwa kwa gharama ndogo. Mji ulio njia panda na wenye hoteli unaweza kuwa na usiku wa zilipendwa, ukumbi wenye picha na majina ya bendi, na redio za mkoa zinazotaja mtunzi kila zinapopiga wimbo. Wazee wa Kilosa na Kimamba walioziona bendi hizo bado wanaweza kuhojiwa na kurekodiwa, ila hawatakuwapo milele.

Kwa upande wa sheria, muda uliobaki ni mfupi. Hadi mwaka 2029 bado kuna nafasi ya kuorodhesha tungo za Mbaraka moja baada ya nyingine, kutambua zipi alitunga yeye na zipi za wenzake wa Morogoro Jazz na Super Volcano, na kuhakikisha kinacholipwa kinawafikia wanaostahili. Orodha hiyo ingekuwa na faida hata baada ya haki ya malipo kwisha, kwa kuwa wimbo unaweza kuwa mali ya umma bila kupoteza jina la aliyeutunga.

Mbaraka Mwinshehe alifanya kazi ya muziki wa bendi kwa takriban miaka 14 tu. Katika muda huo alithibitisha kwamba jogoo la shamba huwika mjini, Nairobi na hata Osaka. Kazi iliyobaki ni ya waliorithi sauti hiyo: kuihifadhi mikanda, kuliandika jina lake kila wimbo unapopigwa, na kuwalipa wanaostahili kabla ya mwaka 2029 haujafika.